Uchambuzi wa kisa: Rehema, Kigiriki cha kisasa na daftari lisilo na Kiingereza

Kwanza tuelewane

Rehema sio jina lake. Chuo sikitaji, mji siutaji, na mambo ya familia yake mengine nimeyabadilisha na mengine nimeyaacha kabisa, mwenyewe ameisoma hii na amekubali. Mimi wakati ule nilikua mshauri wa masomo kwenye chuo kimoja Marekani, kazi yangu kukaa na wanafunzi tupange kozi zao, na kwasababu Waswahili tulikua wawili tu kwenye jengo lile basi akizidiwa alikua anakuja kwangu hata kwa yale yasiyonihusu.

Naandika kwasababu kila mwaka vijana wa kwetu walioko vyuo vya nje wananiuliza wachukue lugha gani kama maina, yaani lile somo la pembeni unalobeba pamoja na somo lako kuu, na wakitaja Kigiriki wanaambiwa cha nini hicho, chukua Kifaransa. Sasa ngoja nieleze yaliyomkuta huyu mmoja, mazuri na mabaya, na mengine mabaya yalitokana na mimi.

Mazingira

Rehema ametoka pwani ya kaskazini ya Tanzania, huko kwenye mkonge. Babu yake alikua karani kwenye shamba la Mgiriki. Kwa wasiojua, Wagiriki walikuwepo Tanganyika tangu enzi za Mjerumani, wengine walikuja na kazi za reli alafu wakaingia kwenye mashamba, wakakaa mpaka mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967 ndo wengi wakaondoka. Babu akabaki na maneno matatu aliyokua anawasalimia nayo wajukuu: kalimera, ela, na sigha sigha, ambayo ni "pole pole" kabisa, mpaka kurudiwa inarudiwa hivyohivyo mara mbili. Rehema amekua akidhani ni maneno ya Kibondei. Alipofika chuoni akasikia watu wawili kwenye foleni ya chakula mmoja anamwambia mwenzie "ela, sigha sigha", akasimama na trei yake mkononi mpaka watu wakampita.

Somo lake kuu lilikua afya ya jamii. Chuo kilidai kila mtu awe na lugha ya kigeni ila Kiswahili chake kilishamtoa kwenye hilo deni, kwahiyo hakuna aliyemlazimisha, alichukua kwa mapenzi yake. Maina ilikua kozi sita, nne za lugha na mbili za historia na utamaduni. Programu yenyewe ndogo, mwalimu mmoja wa kudumu na mwingine wa muda, na sehemu ya pesa inatoka kwa michango ya Wagiriki wa mji ule, hali ambayo utaikuta vyuo vingi vya Marekani vyenye somo hili.

Jambo moja la darasa hili lazima ulijue maana ndo kiini cha matatizo. Walikua wanafunzi 15, tisa kati yao wazazi au bibi zao ni Wagiriki. Wamesoma shule ya Jumamosi ya kanisani, wanaongea na bibi jikoni, wakija darasani wanaongea haraka haraka lakini ukiwaambia andika wanaandika vibaya. Waliobaki sita walikua wanaanza sifuri.

Semista mbili za asali

Wiki ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni herufi zinazowatesa wageni. Wamarekani wasio na bibi Mgiriki walipofika kwenye γ wakawa wanasema g ya kawaida, kwenye χ wanasema k au h. Rehema akaitwa akasoma, gh ya "ghali", kh ya "kheri", dh ya "dhahabu", th ya "thelathini", zote safi. Mwalimu akamuuliza kama kwao kuna bibi Mgiriki! Ni mtu wa pwani huyu, gh na kh amezaliwa nazo. (Kama wewe ni wa bara na unasema "gali" na "zahabu" itabidi uzifanyie kazi kidogo, lakini angalau umeshazisikia tangu utoto.)

Shida ya kwanza ikawa kuandika. Sisi Kiswahili tunaandika tunavyosikia, Kigiriki sauti moja ya "i" inaandikwa η, ι, υ, ει, οι. Neno la amani, irini, lina i tatu, ya kwanza inaandikwa ει na mbili zinazofuata η, ειρήνη, na hakuna sikio litakalokuambia ipi ni ipi, unakariri tu. Alama ya kuuliza nayo ni nukta mkato, kwahiyo mitihani ya mwanzo alikatwa alama kwa kuandika maswali yote vizuri na kuyamaliza vibaya. Ila kukariri aliweza, yeye na kukariri ni marafiki tangu madrasa. Semista ya kwanza akapata A-, ya pili B+.

Palipokwama

Semista ya tatu ndo ikaja habari ya vitenzi. Kigiriki karibu kila kitenzi kina sura mbili, moja ya jambo linaloendelea au kurudiwarudiwa na nyingine ya jambo lililochukuliwa zima zima. "Tha ghrafo" nitakua naandika, "tha ghrapso" nitaandika. Alafu hakina kile kitenzi cha jina kama "kwenda", ukitaka kusema unataka kwenda unasema nataka-niende, "thelo na pao". Kitabu cha darasa kilieleza yote hayo kwa Kiingereza, na kwa kweli Kiingereza kinapata taabu kueleza, kurasa na kurasa za majedwali, na Rehema akawa anafanya safari mbili kila sentensi, kutoka Kigiriki kwenda Kiingereza na kutoka Kiingereza kwenda kichwani kwake.

Wakati huohuo wale wenye Kigiriki cha nyumbani ndo walikua wanachanua, vitenzi wanavyo mdomoni tangu utoto, na mwalimu bila nia mbaya yoyote akaanza kwenda na mwendo wao. Wanachekeana kwa maneno ya nyumbani, gari wanasema "karo", neno ambalo Ugiriki kwenyewe ni mkokoteni ila Wagiriki wa Marekani wameligeuza kutoka Kiingereza, kama tu watoto wa Nairobi wanavyogeuza mambo. Rehema akanyamaza. Wiki ya nane mtihani wa kati ukarudi, 58 kwa mia.

Akaja ofisini kwangu na ile karatasi. Mimi Kigiriki sikijui, nilikua naangalia wino mwekundu tu. Kuna swali liliwataka watafsiri sentensi ya Kiingereza ya "namtaka yeye kuja", maana Kiingereza ndo kinasema hivyo, na yeye ameandika vilevile, "thelo afton na erthi", mwalimu amekata "afton". Nikamuuliza bila kuwa na hekima yoyote kichwani, nikamuuliza tu, hivi hii kwa Kiswahili ungesemaje? Akasema nataka aje. Nikamuuliza "yeye" iko wapi? Akaniangalia. Akaishika karatasi akaanza kuonyesha kwa kidole, thelo, nataka, na erthi, aje. Neno kwa neno.

Tukashuka chini. Swali la "usije", ameandika "dhen erthis", imekatwa imewekwa "min erthis". Kumbe Kigiriki kina "si" mbili, dhen kwa habari ya kawaida na min kwa makatazo, na hata sisi tuna mbili, "huji" na "usije", hakuna Mswahili anayezichanganya. Akakumbuka mwenyewe kitu kingine kilichokua kinamsumbua kusikia, Wagiriki wanapenda kusema "ton ksero ton Yanni", kitabu kinasema ni kurudia mtendwa, "namjua yeye Yanni", wenzake wasio na bibi wanaona ni ajabu. Na sisi je, si tunasema "namjua Juma"? Ile "m" ya namjua ni nini kama sio "ton"?

Nakumbuka alikaa kimya muda, alafu akasema, "Dada, mwaka mzima na nusu nimejifunza hii lugha kwa mlango wa nyuma."

Maamuzi na sababu zake

Swali la kwanza lilikua abaki au atoke. Mwisho wa kujitoa kwenye kozi ulikua wiki ya kumi. Njia zilikua tatu: kujitoa, kubadilisha iwe kozi ya kufaulu au kufeli bila alama, au kubaki. Ya pili tuliifuta mara moja kwasababu kozi ya namna hiyo haihesabiwi kwenye maina. Kujitoa kungemlinda, lakini ile kozi ilikua inatolewa mara moja kwa mwaka, angepoteza mwaka mzima. Kubaki hatari yake ilikua skolashipu, iliyomtaka asishuke chini ya wastani wa alama 3.0. Tukapiga hesabu kwa kalamu, alikua na 3.6, hata akipata C asingeshuka hapo. Kwahiyo alibaki kwa hesabu. Nalisema hili kwasababu wanafunzi wengi wanajitoa kwa hofu bila kukaa na karatasi dakika kumi.

Uamuzi wa pili ulikua daftari. Alianza daftari jipya ambalo sheria yake ni moja, Kiingereza hakiingii. Kushoto Kigiriki, kulia Kiswahili, chini sentensi ya maisha yake mwenyewe. Sio tafsiri ya kamusi, ni "mtu wa kwetu angesemaje hapa". Nyuma ya daftari akaanza orodha nyingine iliyokuja kumkolea mpaka mwisho, maneno ya Kiswahili yaliyotoka Kigiriki yakapitia Kiarabu. Karatasi, kutoka khartis, na Wagiriki wa leo karatasi wanaiita kharti. Kalamu, kutoka kalamos, tete, na leo kalami bado ni tete. Falsafa, injili, almasi, zumaridi, dirhamu ambayo ndo drakma yenyewe, fanusi. Yaani mtoto wa madrasa Tanga aliyeshika kalamu na karatasi ameshika maneno mawili ya Kigiriki hajui.

Uamuzi wa tatu aliufanya mwenyewe bila kuniuliza. Alienda kwa mwalimu akamwomba alama za kuongea zihesabiwe tofauti kwa wasio na Kigiriki cha nyumbani. Mwalimu akakataa, akasema hawezi kuwa na mizani mbili kwenye darasa moja, na mimi naona alikua sahihi. Ila akampa kitu kingine, akamkutanisha na kijana mmoja wa wale tisa aliyekua anaongea kama maji na anafeli imla kila wiki. Jumanne na Alhamisi saa moja, nusu ya kwanza kijana anaongea na Rehema anajibu, nusu ya pili Rehema anamsahihisha i zake.

Semista ikaisha na B-. Kutoka 58.

Darasa la 1923

Semista iliyofuata alichukua kozi ya historia, na hapa nataka nikae kidogo maana watu wakisikia maina ya lugha wanafikiria sarufi tu. Walifika kwenye vita ya Ugiriki na Uturuki iliyoisha mwaka 1922, na mkataba wa Januari 1923 kule Lausanne wa kubadilishana watu. Wakristo wa Anatolia, upande wa Uturuki ya leo, kama milioni moja na laki mbili walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, wengi wao walishakimbia kabla hata ya mkataba, na Waislamu kama laki nne wakatolewa Ugiriki kupelekwa Uturuki. Wenzake watatu darasani bibi zao wa upande huo, wakaleta picha, mmoja akaleta ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena.

Rehema ni Mwislamu. Akasoma kwamba kilichoamua ni dini, sio lugha. Waislamu wa kisiwa cha Krete waliokua wanaongea Kigiriki tupu waliwekwa kwenye meli kwenda nchi ambayo lugha yake hawaijui, na kuna Wakristo wa ndani ya Anatolia waliokua wanaongea Kituruki wakaletwa Ugiriki hivyohivyo. Akauliza darasani, hao wa Krete bibi zao walilia kwa lugha gani? Aliniambia darasa lilitulia, alafu yule kijana wake wa Jumanne ndo akajibu, kwa Kigiriki, kama bibi yangu.

Insha yake ya kozi ile aliandika kuhusu walioachwa nje ya mabadilishano, Wagiriki wa Istanbul huko Uturuki na Waislamu wa Thrace ya Magharibi huko Ugiriki, na humo ndani akakutana na kijiji cha Avato mkoa wa Xanthi ambako wapo mpaka leo Waislamu wenye asili ya Afrika, wajukuu wa watu walioletwa enzi za Waosmani, watawala wa Kituruki. Akapata A. Lakini zaidi ya A, kwenye hii kozi hakua mgeni anayekimbiza wenye lugha yao, alikua mtu mwenye swali ambalo wao hawakulifikiria, na kuanzia hapo hata kwenye kozi za lugha mdomo ukafunguka.

Thessaloniki

Programu ikampa pesa ya ada kwa mwezi mmoja wa kozi ya kiangazi Thessaloniki. Wote tukashangilia, mimi wa kwanza. Na hapa ndo nilipokosea.

Wenzake wote walikua na pasipoti ya Marekani, wanaingia Ugiriki bila viza. Rehema ana pasipoti ya Tanzania, anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na programu haikuwahi kumpeleka mtu wa namna hiyo kwahiyo hakuna aliyekumbuka. Mimi Mtanzania mwenzie nilitakiwa nikumbuke na sikukumbuka. Maombi unaruhusiwa kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, sisi tulishtuka zimebaki wiki tano na miadi ya karibu ilikua mji mwingine mbali na chuo. Juu ya hiyo kuna fomu yake ya I-20, karatasi ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, inayotakiwa iwe na saini ya kusafiri ili arudi Marekani, na anayesaini alikua likizo. Alifika Thessaloniki siku sita baada ya kozi kuanza, tiketi ya kwanza imeungua, na deni la tiketi ya pili alilibeba mpaka mwaka uliofuata.

Alipofika akajifunza ambayo darasani hayapo. Siku ya pili alienda kwenye kibanda kuuliza kama wanauza tiketi za basi, yule baba akainua nyusi, akarudisha kichwa nyuma kidogo, akafanya "ts" kwa ulimi. Sasa mtu wa pwani ukimfanyia hivyo umemsonya. Rehema akaondoka na machozi, akanipigia simu usiku anasema wamemwonyesha dharau kwa rangi yake. Kesho yake mwalimu akaeleza, kule hiyo ni "hapana" tu, wanamfanyia yeyote, hata mama zao. Akarudi kwenye kile kibanda akasubiri mteja mwingine aulize kitu ambacho hakipo, na kweli, nyusi, kichwa, ts. Sio kwamba dharau za rangi hakukutana nazo, alikutana nazo, mara mbili ambazo hazikua na tafsiri nyingine. Lakini hii haikua mojawapo, na ilimsaidia kujua tofauti.

Mkazo nao ulimwadhibu. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, yeye akawa anaweka hapohapo kila neno la Kigiriki. Ofisi ya hosteli wakamuuliza kwenye fomu ya afya kama amewahi kufanyiwa upasuaji, akajibu "póte". Yule mama akasubiri na kalamu yake. "Póte" ni lini, "poté" ndo kamwe. Amemjibu swali kwa swali. Aliporudi hosteli akaandika kwenye daftari neno moja tu la kumkumbusha, barabara: barabára ya magari, na barábara ya sawasawa. Tunalo jambo hilohilo nyumbani, sema tunalo kwenye maneno machache tu.

Wiki ya mwisho akanitumia picha ya kibao cha duka, ΡΑΦΕΙΟ, rafio, duka la fundi cherehani, na fundi ni raftis. Mama yake ni fundi cherehani. Nikamkumbusha Rapta, ule mji wa biashara wa pwani yetu uliotajwa kwenye Periplus, maelezo ya safari za baharini yaliyoandikwa kwa Kigiriki karne ya kwanza, na yameeleza jina limetokana na boti zilizoshonwa, kama mitepe yetu. Kushona ni kulekule. Alinijibu kwa sauti, dakika nne, nusu yake anacheka.

Matokeo

Kozi ya nne ya lugha ilikuta wanafunzi wanne tu wamejiandikisha, chuo kikaifuta. Ilibidi wasome na mwalimu kama somo la binafsi, kwa huruma ya mwalimu ambaye hakulipwa zaidi kwa hiyo kazi. Rehema akamaliza na B+, maina ikakamilika semista ya mwisho kabisa. Mei akafanya mtihani wa Ellinomathia, cheti cha Kigiriki kinachotolewa na Kituo cha Lugha ya Kigiriki cha Thessaloniki, ngazi ya B1, akafaulu, kuandika kukiwa juu na kusikiliza kukiwa chini kabisa.

Sasa hivi anafanya kazi ya afya kwenye kituo cha wazee, mji uleule. Kuna wazee wa Kigiriki ambao Kiingereza walijifunza ukubwani na sasa kinawatoka. Anawauliza "pu ponas", unaumwa wapi, na anasema hiyo sentensi hakuwahi kuitafsiri, imekaa kama ilivyo.

Kilichofanya kazi

Kwangu mimi kikubwa ni Kiswahili. Alifundishwa Kigiriki kupitia lugha ambayo haina "aje", haina "usije", haina "m" ya namjua, wakati yeye anazo zote. Mwalimu wake tulizungumza baadaye na hakubaliani na mimi moja kwa moja, yeye anasema kilichobadilika ni kwamba Rehema alianza kusoma kila siku badala ya usiku wa kuamkia mtihani, na daftari lolote lingefanya hivyo. Kuna ukweli hapo, aliongeza masaa kweli. Ila masaa aliyaongeza baada ya kuona lugha inaingia, kabla ya hapo alikua anakaa na majedwali mpaka usiku wa manane na haiingii.

Mabadilishano na yule kijana yalifaa kwasababu kila mmoja alikua na anachokosa mwenzie. Angepewa mtu wa kumsaidia tu angeendelea kujiona mzigo.

Kilichoshindikana

Viza, nimeshasema, na ni kosa langu. Tangu hapo mwanafunzi yeyote akitaja safari swali langu la kwanza ni pasipoti ya nchi gani, kabla hata sijauliza anaenda wapi.

La pili hatukuangalia mapema kozi za juu zinatolewa lini na zinahitaji watu wangapi. Programu ndogo inaweza kukufia mkononi ukiwa umebakiza kozi moja. Hili ungeuliza mwaka wa kwanza, sio wa nne.

La tatu ni masaa. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani kinapanga wiki 44, masaa zaidi ya elfu moja, kwa Kigiriki, wakati Kiswahili wanakipa wiki 36. Rehema darasani alipata masaa manne kwa wiki, wiki 15, semista nne, jumla 240. Ndo maana kusikiliza kulibaki chini, na wakati tunapanga hakuna aliyemwambia hiyo hesabu.

Na daftari lenyewe lilikua na mipaka. Kigiriki kinaweka o, i, to mbele ya majina, hata la mtu, o Yannis, i Maria, na Kiswahili hakina kitu hicho kabisa, kwahiyo upande wa kulia ulikua mtupu na mpaka leo anavidondosha. Ngeli zilimsaidia kuelewa kwamba sifa lazima ifuate jina, kitabu kizuri vitabu vizuri, lakini zilimdanganya pia, akaamini mwisho wa neno utamwambia jinsia, mpaka akakutana na "odhos", njia, yenye mwisho wa kiume na yenyewe ni ya kike.

Daftari sasa hivi liko kwa kijana mwingine, Mkongomani wa Lubumbashi, mji ambao nao ulikua na Wagiriki wengi wafanyabiashara. Alilichukua kwa Rehema mwaka jana. Nililiona juzi mezani kwake, ukurasa wa kwanza kabisa kwenye "thelo na erthi" amekata "nataka aje", ameandika juu yake kwa penseli "nataka akuye".